Chakula Kisichoonjwa

Chakula cha mtu ambaye hakukionja mbele yangu, mimi sili. Nilikuwa hivyo nikiwa msichana kule Wamaza, mkoani Maniema, niko hivyo leo, na mume wangu amechoka kunitania. Anasema siku nikifa nitamwambia malaika aonje kwanza. Acha aseme. Yeye hula popote anapokaribishwa, na kila msimu wa mvua analala anashika tumbo.

Kwetu hakuna tusi katika jambo hilo. Mgeni akiletewa bukari, yaani ugali wetu wa muhogo, mwenye nyumba anamega kipande, anachovya kwenye mboga, anameza huku mgeni anamwangalia, halafu anasukuma sahani. Kinywaji ni vilevile, anapiga funda moja kisha anakupa kikombe. Hakuna anayetaja neno sumu. Kila mtu anajua kwa nini inafanywa, na kwa kuwa inafanywa, watu wanakula kwa raha na kutaniana. Mzazi ndiye anayeonjewa kuliko wote, mwanamke aliyetoka kujifungua, maana mzazi akila kitu kibaya kinaingia kwenye ziwa, na ziwa ndilo chakula cha mtoto. Nakumbuka mama yangu alipomzaa mdogo wangu. Alikaa juu ya mkeka, mgongo ukutani, na wanawake wamejaa nyumba nzima, kila mmoja na sufuria yake, wanaonja kwa zamu, wanasengenya, wanacheka mpaka mtoto anashtuka. Mama midomo yake iling'aa mafuta ya mawese tangu asubuhi. Nilidhani na mimi nitazaa namna ile.

Nikaja kuzaa wakati wa Korona.

Nilizalia mjini Kasongo, kwa mume, mtoto wangu wa kwanza. Mume mwenyewe alikuwa kwenye machimbo ya dhahabu, na tangu njia zilipoanza kufungwa, simu yake ilipatikana pale tu alipopanda kilima kutafuta rezo, yaani mtandao. Mama yangu alitoka Wamaza kwa pikipiki, amebeba kuku, mafuta na majani yake ya kunikandia. Wakamsimamisha kwenye bariere, kizuizi cha barabarani. Eti hana kashene, kile kitambaa cha kufunika pua na mdomo. Akajifunga kitenge usoni. Eti pikipiki haziruhusiwi tena kubeba abiria. Mama yangu si mtu wa kurudishwa kirahisi. Aliketi palepale barabarani anawatukana kwa Kibangubangu mpaka jua likaanza kulegea, kisha akashika njia ya kurudi Wamaza kwa miguu. Kuku alibaki bariere. Mpaka leo akipita pale anawaangalia wale watu midomo, kama bado iko na mafuta.

Basi nikawa peke yangu ndani ya nyumba, na nilikuwa ndani ya arobaini yangu, kwa hiyo kutoka sitoki. Kila asubuhi alipita bwana mmoja wa mtaa aliyepewa megafone, kipaza sauti cha mkononi, na watu wa afya. Alikuwa na sauti ya kutangaza vita. "Musiingie kwa muzazi! Musipeane mikono! Musikule sahani moja! Musionje na kijiko kimoja!"

Hilo la mwisho lilinikalisha wima. Musionje? Nani amekataza watu kuonja, na ana mpango gani? Kunawa mikono nilielewa, kusimama mbali nilielewa. Lakini mimi nilijisemea, wallahi, kama ningekuwa mtu anayetaka kuwamaliza watu wa Maniema, neno la kwanza ambalo ningelitia kwenye megafone lingekuwa hilo.

Wanawake wa mtaa hawakuniacha, nisiwasingizie. Walikuja. Lakini walikuja vile walivyoambiwa. Mtu anagonga, anaweka bakuli kwenye kizingiti, anarudi nyuma mpaka kwenye mpapai, halafu anaanza kunipigia makelele: "Mama, hongera! Mutoto iko namna gani? Kula, upate maziwa!" Uso wote umefichwa, yamebaki macho tu. Macho hayanisaidii mimi. Macho ya mtu yanaweza kukuchekea huku mdomo umejikunja. Nilikuwa nasimama mlangoni na mtoto kifuani, naangalia bakuli, naangalia kile kitambaa, najiuliza nyuma yake kuna nini.

"Aksanti, mama," nasema. "Haya, njoo uonje kidogo."

"Aa! Huskie megafone?"

Nasikia megafone. Basi chukua bakuli lako.

Sikusema hivyo kwa mdomo, ila jioni nililirudisha kizingitini limejaa kama lilivyokuja. Mara ya kwanza walifikiri sina hamu ya kula. Mara ya pili wakaanza kuangaliana. Tena kila mtu alikuwa na njaa yake siku zile, soko lilikuwa limepunguzwa, chumvi yenyewe ilikuwa habari. Mwanamke anawanyima watoto wake kisamvu, yaani sombe, anakuletea wewe, na wewe unamrudishia imepoa. Nikasikia mmoja anasema akiwa njiani, bila kujificha: "Akae na kiburi yake." Wakaacha kuja.

Shangazi wa mume wangu alikuja pia. Yeye hakuleta chakula, alileta unga. Majivu na majani makavu yaliyosagwa, amefunga kwenye jani la mgomba, wa kutia kwenye kitovu cha mtoto kikauke haraka. Ni mwanamke mwema, anayesali, na hajawahi kunisema vibaya. Aliuweka kizingitini akaondoka. Nikauinamia, nikauangalia. Huu sasa utaonjwaje? Hata akitaka, ataonja nini, kitovu anacho? Wakati nazaa, muganga wa hospitali aliniambia nisitie kitu chochote pale, na huyo muganga naye sikumwamini, lakini kutotia kitu hakuhitaji kuamini mtu. Nikaumwaga unga wote chooni. Shangazi akaja kujua, akanuna, na yeye mlango wangu akauacha.

Akabaki mtu mmoja tu, na huyo ndiye niliyekuwa namwogopa.

Nyumba yake iko ng'ambo ya njia, unaiona ukiwa mlangoni kwangu. Tulikuwa hatuna urafiki. Yeye ni mtu wa kanisani, mimi wa msikitini, lakini si hilo, Kasongo tunaishi hivyo tangu zamani. Shida ilikuwa kuku zangu. Zilikuwa zinavuka njia kuchakura karanga zake, na tulishawahi kusimama pale katikati tukaambiana maneno ambayo siwezi kuyaandika. Halafu mwanzoni mwa Korona alizaa mtoto wa kiume, na kabla watu hawajamzoea mtoto akafa. Mazishi yalikuwa ya watu wachache, kwa amri. Watu wakikosa kukaa matangani pamoja, wanakaa na midomo yao. Wakasema mtoto hakuugua, alilala tu akakauka. Wakasema mama mwenyewe anajua. Mtaani kwetu ukisikia "mwenyewe anajua" usingoje kuelezwa.

Mtu huyo sasa ndiye akawa ananiletea chakula kila siku. Wenzake wote wamechoka na mimi, yeye hachoki. Sufuria ndogo yenye kifuniko, wakati jua limepanda, anagonga, anarudi nyuma hatua chache. Na si chakula cha ovyo. Sombe iliyopikwa na karanga, mawese yameelea juu, mara samaki wadogo, mara uji wa karanga mzito ule unaoita maziwa. Ndiyo, karanga zilezile. Alizipigania na kuku zangu, leo anazitwanga ananiletea. Niambie wewe kama ungekula.

Na maswali yake! Wengine waliuliza umeamkaje, mume amepiga simu, mtoto anafanana na nani. Yeye hakujali hayo. Kila siku alikuwa na swali moja.

"Kitovu ilianguka?"

Siku ya kwanza nikasema bado. Kesho yake tena. "Kitovu ilianguka?" Kitovu si kitu cha kuulizwa na jirani. Kikianguka, mama mzazi anakiokota, anakificha, anakizika mahali anapopajua yeye, kwa sababu mtu mbaya akikipata amempata mtoto. Hilo hata mtoto wa shule anajua. Kilipoanguka nilikifunga kwenye kitambaa, nikakifukia ndani ya nyumba, chini ya mtungi, na nilipofungua mlango nikamwambia bado. Akainamisha kichwa. Nikaona anahuzunika. Nikasema moyoni, ehe, anangoja.

Baadaye akawa anauliza vingine. "Pale kwa kitovu pamefunga? Hapatoke maji? Hapanuke?" Sijui, sikumbuki, mtoto amelala. Nilikuwa na majibu ya aina zote. Nikishafunga mlango, namfungua mtoto nguo kumwangalia tumbo, kama vile swali lenyewe lingeweza kuacha alama.

Chakula chake nilikuwa namwagia kuku.

Nataka mtu aelewe nilikuwa nakula nini. Muhogo. Muhogo wa kuchemsha na chumvi, halafu muhogo bila chumvi. Nilikuwa najikokota mpaka kwenye mafiga, mgongo bado unauma, nachochea moto, na kule nyuma ya nyumba kuku zinagombania sombe ya karanga. Nilikuwa nasikia harufu yake, mate yanajaa mdomo mpaka nalia kwa hasira. Siku moja nilichovya kidole. Nikakiangalia kile kidole, kina mafuta, kisha nikakipangusa ukutani.

Na ziwa likaanza kukauka. Mwanzo nilidanganya nafsi yangu, nikasema mtoto ana uvivu. Lakini mama anajua. Zamani nilikuwa nalowa nguo akilia tu, sasa alikuwa anavuta, anavuta, anaachia, anageuza uso, anavuta tena. Mapaja yaliyokuwa yamejaa yakalegea, ngozi ikawa na mikunjo. Kumpeleka kupimwa kilo haikuwezekana, siku ya kilo ilikuwa imesimamishwa. Kwenda kwa muganga niliogopa. Watu walikuwa wanasema ukifika pale ukikohoa hata kwa vumbi, wanakuandika Korona, mtoto upande mmoja, mama upande mwingine. Sijui kama ni kweli. Sikutaka kuwa mimi wa kujua. Nilimpigia mama Wamaza, akaniambia: "Kula, mwanangu. Ziwa haliko na siri ingine." Nikamwambia hakuna wa kunionjea. Hapo unite, salio la simu, ikaisha.

Mama yangu ndiye aliyenifundisha kuogopa. Hakunifundisha la kufanya wakati hofu na njaa zimekaa nyumba moja.

Halafu kuku akafa.

Nilimkuta asubuhi nyuma ya nyumba, kuku jike mwekundu, yule mwenye pupa kuliko wote, shingo imepinda. Nilisimama pale na mtoto mgongoni. Na niseme ukweli, nilisikia furaha. Furaha kabisa! Kumbe sikuwa kichaa. Siku zote zile wananiona na kiburi, kumbe nilikuwa naona. Nikamshika kuku kwa miguu, nikasahau arobaini, nikasahau Korona, nikatoka mpaka kizingitini.

Naye alikuwa anakuja, sufuria mkononi.

"Usinifikie!" nikamwambia. "Angalia! Angalia kazi yako!" Nikamrushia yule kuku miguuni. "Chakula yako ndiyo alikula. Ulitaka niwe mimi, na mutoto wangu!"

Watu wakaanza kutoka milangoni, kila mmoja na kashene kidevuni. Yeye akamwangalia kuku. Hakushtuka. Hilo nalo niliweka akilini.

"Kuku za mutaa muzima zinakufa," akasema. "Ni kideri. Kwangu zilikufa zote juzi. Uliza watu."

Mimi sikumuuliza mtu. Kideri kinapita kila mwaka, ndiyo. Lakini kwa nini kipite kwangu baada ya sombe yake?

"Unamwangiaka kuku chakula yangu?" akauliza sasa, taratibu, kama ndiyo kwanza anaelewa. "Yote?"

"Yote."

Nilidhani atanitukana. Angenitukana ningepata nafuu. Badala yake alikaa chini, pale njiani, kwenye vumbi, akashusha kashene, akafunua sufuria, akatia mkono. Alimega bukari akachovya, akala. Akamega tena. Alikuwa anakula bila hamu, anatafuna ananiangalia, mafuta yanateremka kidevuni, na bwana wa megafone, ambaye alikuwa amefika na yeye kuona, akaishusha megafone yake. Nusu ya sufuria ikaisha. Akapangusa mdomo.

"Umeona?"

Niliona. Na mtu yeyote angetosheka, si ndiyo? Mimi nikajiambia: huenda amekunywa dawa ya kuzuia kabla hajatoka nyumbani. Ndivyo kichwa changu kilivyo, ukikifungia mlango kinapita dirishani. Nikamwambia: "Na kitovu? Juu ya nini kila siku unaulizaka kitovu ya mutoto wangu? Unaitaka ya nini?"

Hapo ndipo nilipoona uso wake ukibadilika, na kwa vile kashene ilikuwa chini, niliona wote, mdomo na kila kitu.

"Miye?" akasema. "Niitake ya nini?"

Nikafikiri ameshikwa. Halafu akaanza kusema, si kwa sauti ya kujibu ugomvi, alikuwa anasema huku anaangalia sufuria.

"Wangu alikataa ziwa asubuhi. Nikasema ameshiba. Saa sita akakataa tena, nikaona mudomo haufunguke. Nikatia kidole, taya imefunga. Nikamubeba nikakimbia. Muganga hakuangalia mudomo, alifungua nguo akaangalia kitovu. Akaniuliza, mama, ulitia nini hapa? Nikasema majivu na majani, mama-mukwe alinipatia. Mama-mukwe wangu ananipenda. Niliona aibu kumukatalia." Akapitisha mkono usoni, mkono ule wenye mafuta. "Siku zile watu walikuja. Walipiga hodi, wakaacha chakula, wakasimama kule mbali. Wakaniuliza kama nimekula, kama nimelala, kama nimepata maziwa. Hakuna mutu aliingia akamufungua mutoto. Hakuna mutu aliniuliza kitovu iko namna gani. Hata mumoja. Basi miye nauliza."

Yule aliyekuwa amesema niachwe na kiburi changu alikuwa anaangalia miguu yake.

Nikasema, sijui kwa nini nilisema, labda kwa kuwa nilikuwa bado nataka kumshinda: "Na miye waliniletea. Shangazi wa mume wangu. Unga uleule, majivu na majani."

Akanyanyuka kama ameungua. "Ulitia?"

"Niliumwaga ku choo."

"Wote?"

"Wote."

"Juu ya nini?"

"Sikumwona akiuonja."

Akanikodolea macho. Halafu akacheka. Wallahi, alicheka, kicheko kibaya cha kuumiza, amejishika mbavu, na machozi yanatoka, na sikujua kama niendelee kumwogopa au nimshike. "Mungu akuachie roho yako mbaya hiyo," akasema. "Akuachie! Asikuondolee hata kidogo."

Sijawahi kuombewa dua nzuri kuliko ile, na sijui kama aliniombea au alinilaani.

Kisha akaacha kucheka. Alisogea mpaka kizingitini, karibu kuliko mtu yeyote aliyewahi kufika tangu nizae, akaweka ile sufuria yenye nusu ya chakula.

"Sasa sikia. Unga ulikataa, ukafanya vizuri. Hii ukiikataa, anakufa. Miye nakaa pale." Akanyoosha mkono ng'ambo ya njia. "Kila siku niko nasikia kilio yake. Wiki yenye ilipita ilikuwa inafika mpaka kwangu ndani, mpaka ku jiko. Leo asubuhi nilitoka kusimama inje ndiyo nikaisikia. Siwezi kukaa pale nisikie inakwisha tena. Siwezi. Sileti chakula juu yako. Weye hata sikupende."

Hayo maneno ya mwisho yalinituliza kuliko yote. Mtu anayekuletea sombe kila siku bila sababu, mkimbie. Huyu alikuwa na sababu yake, ameitoa hadharani imelala pale mbele ya watu, na haikuwa nzuri wala ya kunipendeza. Hakunipenda. Alikuwa anataka masikio yake yapumzike. Hilo niliweza kulielewa.

Sikusema nimemwamini, maana sikumwamini. Niliketi kizingitini, mtoto nikamgeuza mbele, nikatia mkono kwenye sufuria palepale alipokuwa ametia wake. Bwana wa megafone akaanza, "Mama, ku sahani moja hapana..." na yule jirani bila kumwangalia akamwambia, "Baba, uende." Akaenda. Chakula kilikuwa kimeanza kupoa. Nilimeza tonge la kwanza nikangoja. Nikasikiliza tumbo langu, ulimi wangu, vidole vyangu. Nikameza la pili. La tatu sikungoja. Nikakomba ile sufuria mpaka nikaifuta kwa kidole, mbele ya mtaa mzima, bila haya, na machozi yananitoka kwa ajili ya chumvi tu. Nilikuwa nimesahau chumvi.

Usiku sikufa. Asubuhi akaja na sufuria nyingine, akashusha kashene, akamega, akala, akasukuma. Hatukuwa na maongezi. Aliuliza kitovu, na safari hii nilimfungua mtoto nikamwonyesha. Aliinama, hakumgusa, akanusa. "Pamekauka," akasema. Kesho yake vilevile. Watu wakasema tumerogana. Wakasema tutapeana Korona tufe wote. Huenda tungekufa, mimi sijui yale maradhi yalikuwa wapi na yalikuwa yanapita kwa nani. Kila alipokohoa nilishtuka, na nilipopiga chafya niliona anarudi nyuma kidogo, kisha anasogea tena.

Maziwa hayakuja mara moja. Sombe ilishuka, uji wa karanga ukashuka, mtoto akavuta, hakuna. Nikaanza tena kumwangalia yule mwanamke mikono wakati anamega. Nilikuwa nahesabu kama anachovya pande zote za sufuria au upande mmoja tu. Yeye akajua, akawa anachovya pande zote, polepole, ananionyesha, bila kukasirika. Na kilio cha mtoto kikawa kidogo bado. Alikuwa akifika anasimama kwanza mlangoni anasikiliza kabla hajagonga. Nilikuwa namwona kwenye upenyo wa ubao. Alikuwa anafumba macho.

Halafu siku moja, nimemweka tu kifuani kama kawaida, bila matumaini, nikasikia ziwa linachoma, ule uchungu wa sindano nyingi, na nguo ikalowa upande wa pili. Mtoto alivuta, akakabwa, akakohoa, akashika tena kwa hasira kama mtu aliyeibiwa. Sikupiga kelele. Niliogopa nikisema litasimama.

Yeye alikuwa mlangoni, sufuria mkononi, hajagonga.

"Mbona ananyamaza?" akauliza kwa nje. "Mama? Mbona simusikie?"

"Ananyonya."

"Anavuta tu, ao anameza?"

"Anameza."

Nikasikia anaweka sufuria chini.

"Unanidanganya," akasema.

Na hiyo ilikuwa haki yake, nilishamdanganya mengi. Nikamwambia aingie, nikasogea kwenye mkeka, nikampisha. Aliingia amejiinamia, akapiga magoti, akaondoa kitambaa usoni, akaweka sikio lake karibu na shingo ya mwanangu, hapo panapopanda na kushuka. Mimi namwangalia mikono, sikuacha kuiangalia. Alikuwa ameiweka nyuma mgongoni, moja imeishika nyingine. Mtoto akapiga funda, akapumua, akapiga funda. Yeye akawa anameza pamoja naye.